Rubisi ya Darasa la Nane

Sayansi sisi tulifundishwa kwa kuimba. Mwalimu mkuu alisimama mbele, akagonga meza kwa fimbo mara moja, na darasa zima tukaanza: "Hewa ina oksijeni! Hewa ina naitrojeni! Hewa ina gesi ya kaboni!" Tuliimba hivyo darasa la saba lote, sauti ya kwanza na sauti ya pili, kama kwaya inayojiandaa kwa Pasaka. Ungemtoa mmoja wetu nje ukamwuliza hiyo gesi ya kaboni inapatikana wapi, angekujibu kuwa inapatikana ubaoni. Na ungemwuliza mwalimu mkuu mwenyewe, angekuchapa, maana swali lako halikuwamo kitabuni.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja, cha Kiingereza, jalada lilikwisha kung'oka. Alikisoma kimoyomoyo, akakunja uso, kisha akatutafsiria kile alichokielewa. Ndiyo maana sayansi yetu ilikuwa fupi.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika shule ya kati ya misheni, huku kwetu Karagwe, mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi barabara ya Kihanga. Jina la shule silitaji. Nilitoka Kanoni, nikawa nalala bwenini. Nilikuwa kiranja wa darasa, na kichwa kilikuwa kimenivimba vibaya sana. Niliujua wimbo wa hewa kuliko wote, na nilidhani huko ndiko kujua hewa.

Halafu kulikuwa na kabati la sayansi. Lo, kabati lile! Ndani yake mlikuwa na sumaku, kipimajoto, kioo cha kukuzia na chupa tatu za kioo ambazo hazikuwahi kutiwa hata maji. Ufunguo mwalimu mkuu aliuvaa shingoni, chini ya shati. Kabati lilifunguliwa siku anayokuja mkaguzi. Tulipangwa mstari, mikono nyuma, tukapita mmoja mmoja hatua moja mbele ya kabati tukitazama, kama watu wanaoaga maiti. Mkaguzi naye alitazama, akaandika daftarini mwake kuwa shule ina vifaa vizuri vya sayansi, wakubwa wale wawili wakapeana mikono, kabati likafungwa. Katika miaka yangu yote pale niliiona sumaku mara tatu na sikuigusa hata mara moja. Mtihani ukaja na swali: taja vifaa vitatu vya sayansi. Tulipata wote. Mwalimu mkuu akajisifu wiki nzima.

Mtu huyu alitoka upande wa Bukoba, soksi hadi magotini, kofia ngumu hata siku za mawingu. Alikuwa ameokoka. Simcheki kwa kuokoka. Mama yangu naye aliokoka na hakumkera mtu hata mmoja. Huyu aliokoka kisha akaona kazi iliyobaki duniani ni kuwakagua wengine. Mwaka alioingia aliikata migomba yote ya ndizi za pombe katika shamba la shule, akaacha ile ya ndizi za kupika tu, akasimama juu ya vigogo akaomba sala. Migomba haikuwa imemkosea kitu.

Tulipokuwa darasa la nane, mwaka ukielekea mwisho, akaletwa mwalimu mwingine wa sayansi. Alitoka Muleba, kijana mwembamba, na mkewe alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuja na sanduku la bati na baiskeli isiyo na breki. Siku ile ile akaenda kuomba ufunguo wa kabati.

"Mkaguzi anakuja?" mwalimu mkuu akamwuliza.

"Hapana, bwana. Wanakuja wanafunzi."

Ufunguo akanyimwa. Sisi tuliokuwa tunafagia barazani tulisikia yote, na nasema wazi kwamba tulimcheka yeye, si yule mwenye ufunguo. Mwalimu gani anakuja na mikono mitupu, hana fimbo, haimbishi? Tukamwona bure kabisa.

Kipindi cha kwanza nikasimama kumwonyesha kuwa darasa hili si la mchezo. Nikamwimbia hewa yote, mwanzo hadi mwisho, kifua mbele. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini, mwalimu?"

"Hiyo gesi ya kaboni."

Nikafikiri kidogo, nikasema, "Ulaya."

Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikubali kwa kichwa, kijana mmoja nyuma akaitikia "ndiyo" kabisa. Vitu vyote vyenye majina ya namna ile vilikuwa Ulaya, sasa gesi nayo ingekuwa wapi? Mwalimu akakaa juu ya dawati la mbele, akajishika shavu. "Ulaya," akarudia taratibu. "Haya."

Kesho yake akaingia na swali jingine. "Nani hapa anajua kutengeneza rubisi?"

Rubisi ni pombe yetu ya ndizi, na pale juu ya ardhi ya misheni hata kulitamka neno lenyewe ilikuwa kesi. Tukatazama madawati. Akangoja. Mkono mmoja ukapanda, halafu wa pili, halafu yote. Huku kwetu nani asiyejua? Mtoto anajua kukanyaga ndizi kabla hajajua kufunga kaptula yake. Basi wakaanza kubishana: ndizi zivumbikwe siku ngapi, mtama ukaangwe au usikaangwe, nyasi zipi za kukamulia. Watu waliolala darasani tangu Januari wakaamka. Kijana mmoja ambaye nilimjua kwa usingizi tu alisimama akaeleza mambo ya mtama kwa ufasaha, mwalimu akawa anaandika anayosema ubaoni. Mimi nilinuna. Kiranja anafundishwa na mlala darasani, tena mambo ya jikoni!

Tukafanya kazi hiyo katika stoo ya majembe, nyuma ya darasa. Kabla hatujaanza mwalimu akaweka masharti: hapana kuonja, hapana kitu kutoka stoo, na somo likiisha yote inamwagwa mashinani mwa migomba mbele ya darasa zima. Aliyasema mara mbili, akaniagiza mimi niyaandike. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri.

Ndizi tulizileta kutoka makwetu, zimeiva njano. Tukakanyaga kwa zamu katika mtumbwi wa zamani wa kukamulia, aliouazima kwa jirani, tukauchuja muramba, yaani yale maji matamu ambayo bado hayajawa pombe, tukaujaza vyungu vitatu. Hapo nikaona nimpate huyu mwalimu. Nikamwambia kwamba babu yangu husema mtu akipiga mluzi karibu na rubisi, haiivi, inageuka maji ya kuoshea vyombo.

Mwalimu mkuu angenitandika kwa ushirikina. Huyu macho yalimtoka kwa furaha. "Vizuri sana! Tutajuaje kama babu anasema kweli?"

Tutajuaje! Nilikuwa sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nitajuaje kitu. Tulijua tulichoambiwa, basi. Tukabishana kipindi kizima, mwishoni tukaafikiana: chungu cha kwanza muramba na unga wa mtama, kisipigiwe mluzi. Cha pili vile vile, lakini kipigiwe mluzi kutwa, kwa zamu. Cha tatu muramba uchemshwe kwanza, usitiwe mtama, ufunikwe. Jamani, mngetuona! Vijana wakubwa wenye ndevu wanapokezana kukipigia chungu mluzi, na mwalimu anaandika saa daftarini. Kipimajoto kililala kabatini. Tulipima kwa viwiko.

Kufikia siku ya pili vyungu viwili vya kwanza vilikuwa vina joto na povu limejaa hadi ukingoni, mluzi au bila mluzi. Cha tatu kimetulia tu. Babu yangu akaanguka mtihani siku ile, na mimi niliyemwamini pamoja naye. Kisha mwalimu akawasha kijiti, akakishusha taratibu kwenye mdomo wa chungu chenye povu. Moto ukazimika kabla haujagusa kitu. Akawasha tena. Ukazimika tena. Akanipa mimi kijiti.

Nikakishusha kwa mkono wangu mwenyewe. Kikafa.

"Kiranja," akasema, "gesi yako ya kaboni ndiyo inayozima moto. Ulaya imekuja yenyewe."

Darasa likalipuka kwa kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Nilifurahi, nasema kweli. Miaka yote nimeimba kitu ambacho kilikuwa kinatoa povu nyuma ya nyumba ya baba yangu.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Somo likaisha, mwalimu akaniachia mimi na wenzangu wawili kazi ya kutoa vyungu na kumwaga, yeye akatangulia na darasa kwenye migomba. Nikabaki nimekitazama chungu cha kwanza. Rubisi ilikuwa safi, imeiva vizuri. Na mimi ni mtoto wa Kanoni, mtoto aliyelelewa. Kwetu mtu hapiki pombe juu ya ardhi ya mtu mwingine akaacha kumpelekea mwenye ardhi kibuyu chake. Ukimnyima umemtukana. Baba yangu angeweza kulala njaa, lakini kibuyu cha mkubwa kilitoka kwanza, kimezibwa kwa jani la mgomba, tena kabla hata ya yeye mwenyewe kuonja. Na mkubwa wa ardhi ile alikuwa nani? Mwalimu mkuu. Kwamba mkubwa huyo amekata migomba na kuombea vigogo, wallahi halikunijia kichwani. Sheria ya shule nilikuwa nimeijua miaka minne. Ile nyingine nilizaliwa nayo.

Nikatafuta kibuyu stoo, nikakijaza, nikakiziba vizuri, nikakipeleka. Wenzangu walikubali kwa kichwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, wakatoa vyungu kwenda kumwaga. Tulijiona watu wenye adabu kweli kweli.

Mwalimu mkuu hakuwapo. Mkewe akanipokea mlangoni. Naye alikuwa mtoto wa watu. Alipoona kibuyu kimezibwa kwa jani, akapiga goti kabla hajafikiri, akakipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia maneno yanayosemwa siku zote, maana kijana hapeleki kibuyu kwa jina lake mwenyewe, atajiita nani? Nikasema: "Shikamoo, mama. Nimetumwa na mwalimu wetu, amemletea mzee."

"Marahaba. Mwambie tumeshukuru," akasema. Akakiweka sebuleni, mahali pa mzee, chini ya picha ya Yesu.

Mzee alirudi saa kumi.

Kengele iligongwa mpaka nikadhani kuna moto. Tukakusanywa uwanjani, akasimama na kibuyu mkononi amekishika kwa mbali, kama anayebeba nyoka, akahubiri saa nzima, akalia, akatutaka na sisi tulie. Wengine walijitahidi. Akasema mwalimu yule amegeuza shule kilabu, kisha kwa dharau akamletea mtu wa Mungu pombe hadi chini ya picha ya Bwana. Mwalimu wetu alisimama pembeni, ametoa macho. Ndipo nikaona kwamba habari ya kibuyu alikuwa anaisikia pale pale pamoja na wengine.

Keshokutwa yake kamati ya shule ikakaa ofisini. Alikuwapo mwalimu mkuu, mzee mmoja wa kanisa, na mkungu, yaani yule mkubwa wa kijiji aliyewekwa na mtemi. Mimi niliitwa nisimame mlangoni kama shahidi. Jambo lenyewe lilikuwa hili: mwalimu wa misheni akiandikwa kuwa ni mtu wa pombe, amekwisha. Hakuna misheni nyingine itakayomchukua, na siku zile shule zilikuwa za misheni karibu zote. Cheti chake kingekuwa karatasi ya kufungia sukari.

Mwalimu akaeleza majaribio yake, vyungu, mluzi, kijiti. Aliyaeleza vizuri sana. Mzee wa kanisa alikuwa mtu mtulivu, akamwuliza, "Ilinywewa?" Akasema, "Hapana, mzee. Ilimwagwa." Mzee akasema basi hili ni somo tu, la kijinga, lakini somo; aandikiwe onyo yaishe. Kibuyu ndicho kilichomtatiza. Somo halitembei likaingia sebuleni kwa mtu. Aliyekituma kibuyu alikuwa na nia ya kunywesha watu.

Mkungu naye alikaa ameinama, nikadhani anaitafakari haki. Kumbe alikuwa anaumia jambo jingine. "Na mimi," akasema hatimaye, "mbona sikuletewa?"

Mtu wa Mungu analia kwa kuwa ameletewa, mzee wa serikali ananuna kwa kuwa hakuletewa, na sayansi imekaa katikati yao na mikono magotini. Hao ndio waliokuwa wanatuendeshea elimu.

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Wewe kiranja. Ulimwambia mke wangu umetumwa na mwalimu. Sema mbele ya Mungu, nani alikutuma?"

Sentensi moja tu ilitakiwa. Hakuna aliyenituma, bwana, nilikipeleka mwenyewe kwa adabu za kwetu, na mwalimu alikataza, masharti haya hapa nimeyaandika kwa mkono wangu. Daftari lilikuwa kwapani. Lakini nilijua pia kwamba nikisema hivyo nitafukuzwa kabla jua halijazama, na mtihani wa darasa la nane ulikuwa umebaki wiki tatu. Baba yangu alikuwa amekwisha watangazia watu wa Kanoni kuwa mwanawe atakuwa karani. Nikamtazama mwalimu mkuu, kofia yake imelala mezani. Sikumtazama yule mwingine.

"Mwalimu," nikasema.

"Mwalimu yupi?"

"Wa sayansi."

Wakamgeukia. Angeweza kunikana. Angeweza kusema daftari la kijana lifunguliwe. Akalitazama lile daftari, halafu akasema, "Ni kweli. Nilimtuma mimi. Kijana hajasema uongo."

Watu niliowahi kusimulia jambo hili huniambia kwa huruma kwamba nilikuwa mtoto. Mtoto gani! Nimesema nilikuwa na miaka kumi na saba. Na niliogopa, ndiyo, lakini sikuogopa tu. Nilihesabu. Nilipima mtihani wangu na mkate wa mtu na mimba ya mkewe, nikachagua mtihani, tena upesi. Nimemcheka mwalimu mkuu katika kurasa hizi mpaka mbavu zimeniuma, na sitaomba radhi, lakini yeye aliamini kila neno alilohubiri. Mimi ndiye niliyejua ukweli wote mle ndani.

Kamati ilimfukuza mwalimu wa sayansi, akaondoka siku iliyofuata. Huku kwetu mgeni akiondoka hasindikizwi kwa macho. Unabeba mzigo wake, unamfikisha njiani. Mwalimu mkuu akapiga marufuku mtu yeyote kutoka darasani. Saa nne tukaiona baiskeli inapita dirishani, mwalimu anaisukuma, mkewe nyuma yake ana mkeka wa kulalia kichwani, na lile sanduku la bati limefungwa kwa kamba, linayumba. Yule kijana wa usingizi, mtaalamu wa mtama, akasimama. Akatoka. Akamfuata wa pili. Wakatoka wote, madawati yakabaki wazi. Nilisikia huko nje wanagombania sanduku nani alibebe kwanza. Mimi, mwenye adabu zote zile za kibuyu, nilibaki nimeinamia daftari.

Walimfikisha hadi barabara ya Kihanga na kurudi alasiri, miguu imejaa vumbi jekundu, wanaimba. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha andaa fimbo. Walipangwa uwanjani, viboko sita kila mmoja, wa kwanza yule kijana wa mtama.

Ilitakiwa mtu wa kuita majina. Niliyaita mimi, mmoja mmoja, kwa sauti nzuri.